Mama wa Mistari ya Kijani

Wapo watakaosema ilikuwa mashine mbovu. Siwalaumu, kwa sababu hata mimi nilianza kwa kusema hivyo, na nikatafuta ubovu huo kwa bidii kuliko yeyote kati yenu. Nasimulia yaliyonipata hapa Bunia, mtaa wa Nyakasanza, kwenye chumba changu cha kazi, mchana kweupe. Mtu aliyeyaona pamoja nami yu hai hadi leo.

Kazi yangu ni kuchora picha zinazotembea. Nachora kwa kalamu juu ya tableti, na picha inatokea kwenye mashine. Siku zile shirika moja dogo lilikuwa limeniomba filamu fupi ya kuonyeshwa kwenye kambi za watu waliokimbia vita kule Djugu: mama anarudi shambani, amebeba kitunga mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso kama wanavyobeba mama zetu. Aliyenipa kazi hiyo ni Mama Furaha, msimamizi wa shirika, naye mkimbizi wa kule kule.

Basi, mama wangu wa kwenye mashine alikataa kutembea. Miguu ilikuwa inateleza kama ya mtu aliyekanyaga sabuni. Nilipunguza mwendo, nikaongeza picha katikati, nikafuta, nikaanza upya. Wapi.

Alasiri hiyo mvua kubwa ikashuka. Bibi mmoja akaingia mlangoni na mzigo wa kuni mgongoni, akaniomba ajikinge. Nikamkaribisha, nikamwambia atue mzigo akae. Akasema, "Bado siyafika." Akabaki amesimama nyuma yangu, anatazama mashine. Mimi nikaendelea kuhangaika na ile miguu.

Kisha akasema polepole, "Mutoto wangu, huyu mama yako habebe kitu. Mugongo yake haijue muzigo."

Alikuwa amesema kweli tupu. Nilikuwa nimechora mtu anayetembea, halafu nikambandika kitunga juu yake. Nikamwomba bibi atembee kidogo mle chumbani nione. Hakukataa. Alikwenda ukutani, akarudi, akaenda tena. Mguu wa kushoto aliuweka chini ukitazama ndani, na kila baada ya hatua chache aliisogeza kamba ya paji la uso kwa vidole gumba viwili, bila kusimama. Nilichora haraka haraka, na kwa mara ya kwanza ule mwili kwenye mashine ukawa na uzito. Nilifurahi mno, nikasahau hata kumuuliza jina. Mvua ilipopungua niligeuka kumshukuru. Hakuwepo. Na sakafu, niaminini, ilikuwa kavu. Mtu ametoka kwenye mvua ya Bunia, na matope yetu mnayajua, hakuacha hata alama ya kidole.

Nikajisemea labda hakuwa amelowa sana. Mtu husema nini kingine?

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Programu ninayotumia ina kitu kinachoitwa ganda la kitunguu. Ukichora, inakuonyesha kwa mstari mwekundu hafifu picha uliyoichora kabla, na kwa mstari wa kijani picha inayofuata, ili mkono wako ujue unatoka wapi na unaelekea wapi. Lakini hiyo ya kijani inatokea tu ikiwa picha inayofuata umeshaichora. Kama hujaichora, mbele panakuwa peupe.

Kesho yake asubuhi nikafungua kazi yangu, nikaenda kwenye picha ya mwisho. Mbele yake kulikuwa na mistari ya kijani.

Ilikuwa hatua inayofuata ya yule bibi. Sikuwa nimeichora. Nikatazama msururu wa picha sehemu ya chini ya kioo cha mashine: baada ya ile ya mwisho hapakuwa na kitu. Nikazima ganda la kitunguu, kijani kikapotea. Nikaliwasha, kikarudi. Nikafungua kalke zote, yaani zile tabaka za mchoro, moja moja, nikidhani nimeficha mchoro mahali. Nikafunga mashine kabisa, nikaiwasha upya. Kijani kile kile, na mguu wa kushoto ukitazama ndani.

Mnadhani niliogopa? Hapana. Nilikuwa na hamu ya kujua, hamu ile inayomfanya mtu asahau chai mpaka ikapoa. Nikabeba kazi yangu kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia, nikaenda kwa Désiré, rafiki yangu anayetengeneza mashine barabarani kwetu. Akasema ni masalio, kumbukumbu ya mashine yangu imejaa, picha ya zamani inang'ang'ania. Akaifungua kazi hiyo kwenye mashine yake, ambayo haijawahi kuona mchoro wangu. Kijani kikatokea. Akafungua ukurasa mpya mtupu: hakuna kitu. Akarudi kwenye kazi yangu: kipo.

Désiré akajikuna shavu. "Mashine inaweza kubakisha kitu ya zamani," akasema. "Lakini kitu yenye haijachorwa, inaitoa wapi?"

Nikachukua kalamu, nikafuata mistari ile. Nilipoimaliza, ikatokea mingine mbele yake. Nikaifuata hiyo pia. Désiré alivuta kiti, akasahau wateja wake. Hatua kwa hatua bibi alitembea, akasogeza kamba kwa vidole gumba, akatembea, mpaka tukafika mahali alipopunguza mwendo. Akasimama. Akainama, akatua mzigo chini. Akajinyoosha, mikono kiunoni, kama mtu ambaye mgongo wake umepata nafuu. Hapo kijani kikaisha. Mbele pakawa peupe.

Mama Furaha alipokuja kuona kazi, nilimwonyesha bila kumweleza neno. Nilitaka tu aseme kama mwendo ni mzuri. Filamu ilipoanza alikuwa anatabasamu. Bibi aliposogeza kamba, tabasamu likafa. Aliomba nirudishe mwanzo. Nikarudisha. Akaomba tena.

"Nani alikupatia picha ya mama yangu?" akaniuliza.

Ndipo nikayajua ya kwao. Siku walipokimbia kijiji, mama yake alikuwa ameenda kutafuta kuni. Hakurudi, na hakuna aliyeuona mwili. Mguu ule uliumizwa na jembe angali msichana. Kaka zake Furaha walitaka waketi matanga, wamlilie mama yao kama watu. Furaha alikataa. Alisema huwezi kumzika mtu anayetembea njiani. Kwa jambo hilo ndugu walikuwa wamefikia kutosalimiana.

Nikamsimulia habari za mvua na zile kuni. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama bibi alikubali kutua mzigo mle chumbani. Nikamwambia alikataa. Akatazama tena pale mwisho, mama yake akijinyoosha, akasema, "Basi sasa amefika." Jioni ile aliwaita kaka zake.

Walikuwa bado wanapanga matanga, mzee mmoja wa kijiji chao akaingia kambini. Alikuwa amejificha muda mrefu upande wa Mongbwalu. Akawaambia alimkuta mama yao njiani, amelala kando ya mzigo wa kuni, naye ndiye aliyemfukia hapo hapo kwa haraka, na moyo ulikuwa unamsumbua tangu siku hiyo kwa kutojua watoto wako wapi. Wakamlilia mama yao wote pamoja, chini ya hema moja.

Ingeishia hapo, ningeiita baraka tu.

Baada ya matanga Mama Furaha alirudi kwangu. Katika filamu yote mama yake anaonekana kwa upande. Aliniomba, kwa aibu, nimwongezee kidogo tu. "Ageuke, dada. Nione uso." Nani angemnyima? Nikafungua kazi, nikaenda mwisho, pale palipokuwa peupe.

Kijani kilikuwa kimerudi. Bibi alikuwa amegeuka, uso mzima, anatutazama. Nilimsikia Furaha akivuta pumzi. Lakini nyuma ya bibi palikuwa na mtu mwingine, mrefu, amefunga kitambaa kichwani, fundo mbele, amebeba kitunga, mguu mmoja umeinuka. Alikuwa anakuja.

Nilimtazama Furaha aliyeketi kando yangu. Kitambaa chake kilikuwa na fundo mbele.

Kalamu ilikuwa mkononi, karibu kugusa. Naye alikuwa ameona, maana alikuwa anatazama pale pale. Kwa muda mrefu alitazama uso wa mama yake, kama anayejaza mtungi. Kisha akaushika mkono wangu, akaushusha taratibu.

"Usimuchore ule wa nyuma," akasema. "Siku yangu ikifika, nitatembea mwenyewe."

Nikafunga. Mama Furaha yupo, ana afya, jana tu amenituma nimtafutie sombe nzuri, majani ya muhogo, sokoni. Filamu inaonyeshwa kambini mpaka leo, na inaishia pale mzigo unapotuliwa. Kazi yenyewe sijaifungua tena, wala sijaifuta. Désiré ananishawishi kila mara tuangalie kama yule wa nyuma bado ameinua mguu au ameshaushusha. Nakiri kwamba kuna siku hamu inanishika hadi mkono unawasha.

Nyinyi mnaochora siku hizi, wengine kwa simu tu, nawaambia jambo moja. Ukiona mbele ya kazi yako mistari ambayo mkono wako haujaichora, tafuta ubovu kwanza, ni haki yako. Usipoupata, weka kalamu chini, uulize ni nani anayekuja. Hamu yako ya kumuona isimsukume hatua.