Kisu cha Kassimu

Kijijini kwetu, kwenye njia ya kwenda Wamaza, hakuna nyama ya karamu inayoliwa bila Kassimu. Vijana wa Kiislamu wamekimbilia dhahabu ya Salamabila, na Shehe ni mzee, mikono inamtetemeka. Kwa hiyo iwe harusi ya Wakristo, iwe matanga yao, hata akija mkubwa wa teritwari, yaani wa wilaya, kutoka Kabambare, mbuzi anapelekwa kwa Kassimu. Akichinja yeye, kila mtu anakula, Mwislamu na Mkristo, sahani moja. Tunajisifu sana kwa hilo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Maana Kassimu, Mwislamu huyo, alitaka kubatizwa. Mkewe Léontine alipougua, akina mama wa kanisa walimwogesha, wakamtwangia mihogo, wakamwimbia kitandani mpaka akainuka. Tangu hapo moyo wa Kassimu ulihamia huko. Akajifunza dini kimyakimya kwa Antoine, katekista wetu. Na kila alipomlaza mbuzi kuelekea kibla na kutamka Bismillahi, aliona anawadanganya watu waliomwamini. Jambo hilo lilimtesa.

Siku ya Pasaka Padri alifika kwa pikipiki, na kwetu Padri hafiki ovyo. Léontine alikuwa amemshonea mumewe shati jeupe. Kassimu alikwisha kupanga: akishabatizwa tu, atamkabidhi Shehe kisu mbele ya watu wote na kuomba radhi. Mlangoni mwa kanisa Antoine akamvuta kando.

"Baba Kassimu, Waislamu wote tumewaalika. Shehe iko pale, amekaa. Ukibatizwa sasa hivi, mbuzi watachinjwa na nani?"

"Mulisema leo, katekista."

"Nilisema. Lakini watu warudi na njaa siku ya Pasaka? Itakuwa haya kwetu sisi wote. Chinja kwanza. Ubatizo, mwaka kesho."

Mtu wa kanisa ndiye aliyesema hivyo, tena kwa sauti ya upole. Nilikuwa karibu, nikatamani kumzaba kibao.

Kassimu akamtazama Shehe. Mzee akainua mkono, akacheka kwa furaha.

"Kwa kuwa ni weye unachinja, mutoto yangu, ndiyo nimekuja."

Kassimu akavua shati jeupe lisirukiwe na damu, akampa Léontine, akachukua kisu. Bismillahi aliitamka, na mimi niliyesimama karibu nilimwonea huruma hadi nikageuza uso.

Tulishiba. Padri akasifu umoja wetu, akapanda pikipiki yake akaenda zake.

Nilipokwenda kuwaaga, Léontine alikuwa amelikunja shati mapajani.

"Tutalitunza," alimwambia mumewe. "Mwaka kesho haiko mbali."

"Mwaka kesho Askofu anakuja," Kassimu akajibu. "Watataka ng'ombe."