Jina la Miss Icilda

Vernal Clunis alitunga nyimbo arobaini na ushei za rege, lakini watu waliutaka mmoja tu: ule wa mwaka sabini na sita, aliomwimbia mamake, Miss Icilda. Mama mwenyewe, mtu wa kanisa, alisema muziki wa marasta ni wa shetani. Ukipigwa redioni, alizima redio.

Wimbo huo ndio uliomlisha Vernal. Wenye disko za mitaani, wa Kingston, wa London, hata wa Japani, humwita studio aurekodi upya, jina la Icilda litoke, liingie la disko yao, wakamtambie mpinzani kwenye mashindano. Ndiyo desturi, na mkono mtupu haulambwi. Leo anaisifu disko ya Osaka, kesho ya Brixton. Magoti yanauma, sauti imekauka, na sifa haziishi.

"Utaimba mpaka kaburini, mzee," fundi mitambo alimtania siku moja studioni.

"Huko angalau sitapewa jina la disko."

Siku hiyohiyo dada yake Merdella akapiga simu kutoka nyumbani kwa mama, Clarendon. Mama hali chakula tena.

"Anautaka wimbo wake."

"Wimbo gani?"

"Usijitie hamnazo, Vernal. Njoo upesi."

Alimkuta kitandani, amebaki mifupa. Mama akamkodolea macho.

"Hizo nywele bado hujakata tu?"

"Bado, Mama."

"Haya, imba. Mungu atanisamehe."

Vernal akashika gitaa, akafumba macho. Ubeti ulikwenda vizuri mno. Akafika kwenye kiitikio, penye jina.

"Osaka..."

Merdella akaguna. Mama akafungua jicho moja. "Osaka ndiye nani? Mke mwingine?"

"Mazoea, Mama. Nisamehe."

Akaanza upya, polepole, na ulimi ukamkimbilia Brixton. Vernal alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaweka gitaa chini.

"Nikusikilizishe ile sahani ya santuri, Mama? Merdella anayo."

"Sahani ya nini? Nimeusikia kwa jirani miaka yote, kila neno nalijua. Nilitaka unitaje wewe, kwa mdomo wako." Akakohoa. "Basi imba. Ukifika hapo nyamaza, nitajitaja mwenyewe."

Wakaenda hivyo, yeye akinyamaza, mama akilitia jina lake kwa sauti nyembamba ya kwaya. Ubeti wa tatu mama alichoka, akapitiwa na usingizi. Vernal akafika penye jina, akangoja, akafungua mdomo kulitaja mwenyewe, lakini halikutoka.