Salamu ya Kushoto

Sheikhan wa Kibokoni alikuwa na kisa kimoja tu, lakini alijua kukisimulia. Wako watu wana visa mia na hakuna hata kimoja kinachosikilizika. Yeye alikuwa na hicho kimoja, na kwa miaka ishirini na miwili kilimtosha yeye na baraza zima.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Zama za misafara, kabla gari la moshi halijaijua njia ya bara, Sheikhan alikuwa mpishi wa msafara wa pembe. Walipofika Taita wakapiga kambi chini ya mlima Vuria. Asubuhi moja ya kaskazi yeye na wenzake watatu wakaupanda, wakafika kileleni jua likiwa utosini, wakarudi kambini kabla ya magharibi. Kule juu, alisema, pumzi haiji mpaka uibembeleze. Akatawadha, akasali adhuhuri. Hapo hushusha dele lake, maana siku hizi alikuwa muuza kahawa, na baraza lote husogea karibu.

"Nikatoa salamu ya kulia," husema, "nikaona mawingu. Nikatoa salamu ya kushoto, bahari hiyo. Bahari yetu hii, imetandikwa kama shuka."

Watu wa kisiwani, ambao kila wakigeuka wanayaona maji, hawakuona la kuuliza. Walitikisa vichwa na kuomba kikombe kingine.

Ukweli ni kwamba Sheikhan hakuupanda. Siku ile alikuwa kambini, mguu umevimba kwa mwiba, akilinda mizigo na kuwapikia wali wenzake. Wao walirudi jioni wakisema kule juu kuna baridi, basi, hawakutaja bahari. Hao watatu hawakurudi tena Mombasa: wawili walifia mbele ya safari, wa tatu akaoa Uganda na kusahau kwao. Akabaki Sheikhan na mlima wote wake. Mara ya kwanza alipojitia kileleni alikuwa kijana, na aliyemsikiliza ni mzee mwenye binti. Mzee yule akasema mtu aliyefika huko hatashindwa kulisha mke. Binti ndiye Alawiya, aliye ndani kwake hata leo.

Sasa balaa ililetwa na mapenzi, kama balaa nyingi za nyumbani. Jaffar, mtoto wa pekee wa dada yake, alikuwa karani katika bohari la mizigo la reli. Alilelewa na kisa kile tangu hajui kuvaa kanzu. Alasiri moja akaja barazani uso umemng'ara: amepewa likizo ya siku sita. Gari la adhuhuri litawafikisha Voi siku hiyo hiyo, kutwa moja ya miguu watafika chini ya Vuria, na siku ya tatu wapande na kushuka kama alivyofanya mjomba. Mjomba ndiye atakayeongoza, nani mwingine?

Baraza likasema mashaallah. Sheikhan akasema hewala. Ulimi wake ulikuwa na desturi ya kumtangulia.

Tangu saa ile hakukaa wala hakusimama. Alianza kupanga safari, na alivyopanga ungedhani wanakwenda kuuhamisha huo mlima. Alitafuta kibuyu cha maji, kisha akaona hakitoshi, akaazima kiriba, kisha akasema kiriba kizito. Alinunua tende, akazifunga, akazifungua, akala nusu kwa wasiwasi, akanunua nyingine. Makubadhi aliyapeleka kwa mshona viatu yatiwe soli mbili, na siku ya pili akarudi kusema afadhali tatu. Kwa baridi hakuwa na nguo nzito ila bushuti lake la harusi. Akalitoa sandukuni, likinuka udi, akalitazama kwa huzuni, akalirudisha. Kesho yake akalitoa tena.

Njia ndiyo iliyomkondesha. Alikwenda stesheni, akamwona Mtaita mmoja mchukuzi wa mizigo, akajifanya anamjaribu: haya, wewe uliyezaliwa huko, Vuria hupandwa kwa upande gani? Yule mtu akamwambia kwa upole wote. Kuna msitu, na ndani ya msitu vijia vinagawanyika, na kimoja kinaishia kwenye jabali lililokatika mpaka chini. Ukungu hushuka mara moja hata katika siku za jua kali, na mgeni hukaa chini palepale akangoja, maana aliyetembea huokotwa maiti. Sheikhan akaitikia ndiyo, ndiyo, umejibu vyema, akarudi nyumbani.

Akakimbilia kwa mwalimu wa falaki. Mwalimu akafungua kitabu chake, akahesabu kwa vidole, akasikitika: siku aliyoitaja, mwezi utakuwa umeingia nyota ya Ng'e, na mwezi ukiwa katika Ng'e mtu hafungi safari. Sijapata kusikia mtu aliyepewa habari mbaya akashukuru namna ile. Sheikhan alimbusu mwalimu mkono mara mbili, akaenda kwa Jaffar na uso wa msiba, akamweleza kwamba ndiyo hivyo, hakuna la kufanya. Usiku ule alilala kama mtoto.

Jaffar, kijana mtiifu, akamwomba bwana mkubwa wake ofisini amsogezee likizo siku saba mbele. Akakubaliwa. Ng'e akatoka na udhuru ukatoka naye.

Ikafika siku ya mwisho. Baada ya chakula cha mchana Sheikhan alikuwa ukumbini akifunga mzigo kwa mara ya tatu, na Alawiya ameketi juu ya mkeka akimwangalia. Alikuwa mama mtulivu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu.

"Baba Nabiha," akasema, "hebu kaa."

Akakaa, kamba mkononi.

"Kibla chetu ki upande gani?"

"Kaskazini."

"Na Taita?"

"Bara. Huko jua lituako."

"Basi simama Taita, uelekee kibla. Bahari i mkono gani?"

Sheikhan akainua mkono wa kushoto kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili. Ukamwishia nusu ya njia. Akaushusha taratibu, akautazama ule wa kulia.

Aliona haya. Aliona haya mpaka masikio yakamuwaka, mtu mzima mwenye wajukuu. Aliuliza amejua tangu lini.

"Tangu fungate. Ulinisimulia siku ya tatu, nami baadaye nikakaa nikahesabu mikono."

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia ungeacha kukisimulia, nami nalikipenda." Akaichukua ile kamba mkononi mwake, akaanza kuikunja. "Lakini kesho si maneno. Kesho Jaffar atatia mguu pale utiapo wewe. Ukungu ukishuka atakuuliza ndia, nawe utamuonesha, sababu hujui kusema sijui."

Hapo haya zikamtoka Sheikhan, ikamwingia hofu, na hofu ile ilikuwa nzito zaidi. Alimwona Jaffar kwenye kile kijia kinachoishia jabalini, akitembea bila wasiwasi kwa kuwa mjomba yuko mbele. Akamwona dada yake akipokea habari mlangoni. Akavaa kofia, akachukua dele lake, akatoka.

Barazani walikuwa wamekaa wote, Jaffar akiwamo, na Akil seremala, msikilizaji wake wa tangu mwanzo, alikuwa amekwisha anza kuwaelezea wageni wawili habari ya salamu ya kushoto. Sheikhan akamwambia anyamaze. Kisha, amesimama, dele mkononi, akasema kwamba yeye hakufika. Alikuwa chini anapika wali. Mlima ule anaujua kwa chini tu, na bahari hakuiona, na wenzake nao hawakusema kuwa waliiona.

Hakuna aliyecheka. Ingalikuwa nafuu wangalicheka. Akil akakiweka kikombe chake chini, akasema kahawa imepoa, akaondoka bila kwaheri. Miaka ishirini na miwili iliondoka naye.

Jaffar akauliza kwa sauti ndogo kama safari imevunjika.

"Haikuvunjika," Sheikhan akasema. "Tutatafuta Mtaita atutangulie. Kisha wewe. Mimi ntakuwa nyuma yako."

Wakaenda, na siku ya sita wakarudi. Jaffar aliupanda mlima akihema, Sheikhan aliupanda akisukumwa, akivutwa, akikaa kila hatua ishirini na kumwambia Mungu kwamba bushuti ni zito. Walipokuwa katikati ya msitu ukungu ukawashukia, mweupe, mzito, na mzee wa Kitaita aliyewaongoza akawaketisha chini mpaka ukapungua. Sheikhan alilishika shati la mpwawe muda wote ule, hakuliachia. Adhuhuri ilipoingia walikuwa juu.

Alawiya alimpokea mlangoni. Midomo ya mumewe ilikuwa imepasuka na makubadhi yamebaki na soli moja. Akamvua lile bushuti la harusi, akalikung'uta matope.

"Ulisali?"

"Nalisali."

"Uliiona?"

"Sikuiona. Ukungu mtupu."

Alawiya akalikunja bushuti mara mbili, akaliweka begani.

"Hukuiona mkono gani?"

"Wa kulia," akasema Sheikhan.