Dhamana Ilikuwa ya Nani?

Habari za kifo cha mama mmoja wa Ipogolo nimezipata kwa dereva wa basi, aliyedhani nimeshajua. Sikuwa nikijua. Wasomaji wangu wa Iringa waliozoea kununua mkate wake pale barabarani wanisamehe nikisema nilimfahamu kabla yao, huko Makongolosi miaka ya hamsini, nilipokuwa mwalimu kijana na yeye mjane mwenye tanuri lililowalisha wachimbaji wa dhahabu.

Kisha mgodi mkubwa ukafungwa. Wachimbaji wakafungasha virago, maduka yakakosa wateja. Ndipo Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alipokuja na mtu wa benki kutoka Mbeya, tukaitwa uwanjani. Tukaambiwa benki itawakopesha wenye biashara, hata Waafrika, kwa kuwa serikali imeweka dhamana. Watu wakashangilia. Siku zile benki kumkopesha Mwafrika lilikuwa jambo la ajabu, na hilo lenyewe ndilo lililomtia mama yule mashaka. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa na lori, naye akasimama wa kwanza kutaka mkopo. Mama akamshika mkono, akauliza yeye.

"Bwana, shemeji yangu akishindwa kulipa, serikali itamlipia?"

"Itailipa benki," mkalimani akajibu, baada ya kuwauliza wakubwa.

"Na yeye?"

"Ataendelea kudaiwa. Lori lake litakuwa rehani, na nyumba."

"Basi hamkumdhamini yeye. Mmeidhamini benki."

Kauli hiyo mkalimani hakuitafsiri.

"Shemeji, unaniaibisha mbele ya wakubwa," yule bwana alinong'ona kwa hasira, akaenda kutia saini.

Sitamfanya mama huyu malaika. Mashaka yake yaliwaumiza wengine: alikataa mkopo, akazima tanuri, akawaachisha kazi wanawake waliomkandia unga, na mmoja wao alimtukana hadharani. Jirani mwenye duka alikopa, akavuka salama, akatajirika. Lakini shemeji hakupata mizigo ya kubeba. Benki ikachukua lori, kisha nyumba. Baadaye nilisikia kwamba sehemu kubwa ya mikopo ile ilikwenda kwa matajiri waliokuwa tayari wanadaiwa na benki ileile, wakalipia madeni yao ya zamani, wasilipe mikopo mipya, na hasara ikahamia kwa serikali. Ushahidi sina. Ninachojua ni kwamba katika taabu ile yote benki haikutetereka.

Shemeji alipobaki mikono mitupu alimfuata mama Ipogolo, ambako alikuwa ameanza upya, akiwauzia mikate madereva wa malori. Nilikuwepo siku hiyo. Alisimama nje, ameshika kofia, hathubutu kubisha hodi.

"Pita ndani, shemeji," mama akamwita. "Nawa mikono, unga umeshaumuka."

Walifanya kazi pamoja mpaka yule bwana alipofariki. Niliwahi kumuuliza mama kwa nini hakumsema hata siku moja.

"Mwalimu, aliambiwa serikali iko nyuma yake, akaamini. Nimgombeze kwa kuamini?"

Hasira yake aliiweka kwa wale waliomwambia hivyo, na mimi nimeirithi. Msaada unaotangazwa wakati wa shida una mwenyewe, na mara nyingi si yule anayetajwa katika hotuba. Kabla ya kushika kalamu, mtu aulize nani atalala nje mambo yakiharibika. Akijibiwa kwa uwazi, akubali au akatae, lakini awe anajua.