Bolti Nane za Nyota

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya magari ya kale, hapa Brussels, sikupewa spana wala nyundo. Nilipewa ovaroli isiyo na mifuko. Mifuko ilikuwapo, ila patron, mwenye karakana, alikuwa ameipeleka kwa fundi cherehani wa barabara ya Chaussée de Wavre ikashonwa yote, ya mbele na ya nyuma. Alinitazama nikiivaa, akaniambia kwa Kiswahili cha Wabelgiji wa zamani:

"Déo, miye nilizaliwa Bukavu. Najua bantu ya kule. Bolti iko kidogo, mufuko iko mukubwa. Donc, tunasikilizana?"

"Ndiyo, patron."

Nilikasirika, sikatai. Lakini ninyi vijana mnaosoma haya nitawaambia ukweli: nilimwelewa pia. Mimi mwenyewe simwamini mtu anayenisalimu kwa kicheko kabla ya saa mbili asubuhi. Mke wangu husema nikipewa zawadi huitikisa kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Gari likifika linafunguliwa lote mpaka libaki fremu. Kila bolti huchomekwa kwenye katoni iliyochorwa umbo la mahali ilipotoka, bampa au mlango, ili irudi tundu lake lile lile. Kabla ya kuichomeka unaikata alama za tupa mkiani: mkato mmoja kwa ya kwanza, miwili kwa ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Kisha unailoweka kwenye siki kutu ilegee, unaipiga brashi ya waya, msasa mkali, kisha msasa laini. Mwisho ni gurudumu la kitambaa linalozungushwa na mota, limepakwa dawa ngumu kama kipande cha sabuni. Hapo ndipo bolti inapong'aa hadi unajiona pua. Hapo pia ndipo inapoharibika, maana ukiishikilia mno gurudumu linakula chuma. Bolti za asili zina chapa ya kiwanda kichwani, na chapa ikifutika mwenye gari hana tena gari la asili. Wateja wetu walikuja na miwani ya kukuzia kuangalia vichwa vya bolti. Watu wazima kabisa, wamepiga magoti sakafuni.

Mimi nilijifunza ufundi Bukavu, gereji ya mjomba. Kule bolti zote ziliingia kopo moja la maziwa ya unga, ukihitaji moja unapekua mpaka uipate. Hakuna gari lililowahi kulalamika. Katoni za patron niliziona mchezo wa chekechea. Akiwapo nilizitumia. Akitoka, mkono wangu ulirudi kwenye kopo wenyewe.

Meza ya pili alikaa Hamisi, Mtanzania wa Tanga. Alikuwa mpole kupita kiasi, na hilo peke yake lilinitosha kumshuku. Alikuja na thermos kubwa nyekundu ya chai ya tangawizi, na kila siku saa nne alinimiminia kikombe. Nilikunywa huku nikijiuliza anataka nini kwangu. Kumbe alichotaka kilikuwa wazi kwa kila mtu. Alitaka mkataba wa kudumu, kwa sababu bila mkataba huo asingeruhusiwa kumleta mke wake, Zuhura. Picha yake ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati lake la nguo.

"Bado miezi miwili tu, kaka Déo," aliniambia. "Patron ameshapromise."

Ndipo zilipopotea bolti nane za bampa. Zilikuwa za gari la daktari mmoja mstaafu, na kila kichwa kilikuwa na chapa ya nyota ndogo. Patron alishika katoni ya bampa mkononi. Matundu manane, yote matupu.

"Déo, ni weye ulizifungua."

"Nilizifungua, patron, na nilizichomeka humo. Naapa."

Nilikuwa na hakika. Tulitafuta siku nzima. Tulimwaga makopo yote, pamoja na lile la bolti mpya ambazo hazina chapa, tukageuza kila kichwa kutafuta nyota. Hatukuona hata moja. Usingizi uliniruka. Aliyezifungua ni mimi, na anayefukuzwa kwa wizi katika mji huu hapati karakana nyingine. Nikaanza kumtazama Hamisi. Kwa nini alikuwa mtulivu hivyo? Thermos ile, mbona jioni aliibeba kama ingali nzito? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nikajiona mwerevu. Asubuhi nikamfuata patron.

"Patron, miye sisemi mubaya juu ya muntu. Lakini ile thermos yake, uiangaliye."

Patron alimwita Hamisi katikati ya karakana, akamwamuru aimwage. Hamisi alinitazama mimi, wala si patron. Akafungua kifuniko, akaipindua. Chai ikatoka yote, na vipande vya tangawizi, ikaenea sakafuni mpaka kwenye viatu vyangu. Hapakuwa na kingine.

"Bon," alisema patron. "Rudi ku kazi."

Hamisi hakurudi. Alivua ovaroli, akaikunja vizuri, akabandua picha ya mkewe.

"Kaka Déo," aliniambia mlangoni, "ungeniuliza tu."

Patron hakumtafuta. Kwake, kuondoka kulikuwa kukiri, na mimi nilikubaliana naye kwa sababu ilinifaa. Nikapandishwa meza ya pili, kisha stoo, nikakabidhiwa funguo. Patron alipozeeka, binti yake alishika karakana, nasi tukamwita Madame. Jambo lake la kwanza lilikuwa kufumua mifuko ya ovaroli. La pili, aliniagiza nipange kopo la bolti mpya kwa urefu.

Nilipokuwa nikizipanga, kidole changu kilikwaruzwa. Bolti mpya haina alama ya tupa mkiani, ile ilikuwa na mikato mitatu. Nikatafuta zaidi. Mmoja, miwili, minne, hadi minane. Mikato yangu, ya mkono wangu. Vichwa vilikuwa vyeupe, laini kama yai. Nilikaa chini. Nikakumbuka siku niliyozifungua, patron alikuwa ametoka. Bolti zilikuja zimefunikwa rangi nzito ya zamani, nyota hazionekani. Nikazitupa kwenye kopo kama Bukavu, kisha nikazipeleka kwenye gurudumu pamoja na zile mpya, nikazing'arisha mpaka nyota zikaisha. Katoni sikuigusa. Tulipotafuta tuligeuza vichwa. Hakuna aliyetazama mikia.

Je, nilisema? Sikusema. Niliona aibu, na niliogopa. Nilizifunga kwenye kitambaa nikazitia mfukoni, sasa mfuko ulikuwapo, nikatoka nazo. Hivyo mwizi wa bolti zile akapatikana.

Nilipostaafu nilipewa keki na saa ya ukutani. Mnataka niwaachie ushauri wa kazi? Tumieni katoni, hata bosi asipokuwapo. Mengine mtayajua wenyewe.

Hamisi nilimpata Jette, mtaa mwingine wa Brussels. Anasukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye mvi, nikaitambua ile picha. Niliweka kitambaa mezani, nikakifungua, nikaeleza yote bila kujitetea. Hamisi alizishika moja moja, akapitisha kidole mikiani.

"Nilingoja miaka saba mingine ndipo Zuhura akaja," alisema. "Tulitaka watoto, Papa Déo. Alipofika, daktari akatuambia tumechelewa."

Zamani aliniita kaka. Nilisema samahani. Ilikuwa ndogo mno na nilijua.

Zuhura alileta chai. Thermos ilikuwa ile ile nyekundu, imekwaruzika. Hamisi alinimiminia kikombe kikajaa, akajimiminia chake. Kisha akainuka, akaishika thermos juu ya beseni la vyombo, akaipindua. Chai yote iliyobaki ikamwagika. Akaitikisa mara mbili, akaniletea, akanionyesha ndani.

"Umeona?"

"Nimeona," nilisema.

"Basi kunywa."

Nilikunywa.