Mapazia ya Lubbert

Lubbert Dijkema alikuwa mtu wa msokoto mmoja kwa siku, tena baada ya kuosha vyombo. Miaka yote aliyofanya kazi ya kufungua na kufunga daraja la mfereji pale Groningen hakuigusa bangi, kwa sababu mtu mwenye daraja mkononi hana ruhusa ya kuchekacheka. Alipostaafu ndipo mkewe, Hillechien, akamwambia haya, vuta, lakini uvute kwa adabu. Mbele ya wageni hapana. Kitandani ndiyo kabisa, asithubutu. Na kile kikopo chake kikae juu ya kabati, wajukuu wakija wasikifikie. Hillechien alishafariki, mwaka wa nne sasa, na Lubbert bado alizishika sheria zake, pengine kuliko mwenyewe alipokuwepo.

Kila alasiri alisimama kwenye mlango wa jikoni unaotazama bustani ya nyuma, kahawa pembeni, akavuta taratibu huku akizikagua kabichi zake. Msokoto ukiisha anaingia ndani kusikiliza redio. Hakuna aliyemsumbua, naye hakumsumbua mtu. Ndivyo alivyodhani.

Juu yake aliishi Trijntje Oosting, mjane mwenzake, mwanamke mrefu asiyejua kuzunguka maneno. Milango yao ya mbele imekaa ubavu kwa ubavu: wa kushoto unaingia kwa Lubbert, wa kulia unapanda ngazi hadi kwa Trijntje. Asubuhi Trijntje hushuka kunywa kahawa, kila mmoja anachukua biskuti moja, kisha kopo la biskuti linafungwa kama inavyotakiwa. Tangu Hillechien aondoke, kahawa hiyo ndiyo iliyokuwa inamfanya Lubbert avae viatu asubuhi. Hakuwahi kumwambia Trijntje hivyo. Mambo ya namna hiyo mtu unayasemaje?

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, Trijntje aliiacha biskuti yake kwenye kisahani.

"Jirani," alisema, "bangi yako imeingia kwenye koti langu."

"Koti lipi?"

"La kwaya. Nalitundika dirisha la nyuma lipate hewa, na wewe unasimama chini yake unafukiza kama mtu anayekausha samaki. Jumapili safu nzima ya sauti ya pili ilikuwa inaninusa mimi. Mchungaji kaniuliza kama nalala vizuri siku hizi."

Lubbert alitaka kucheka. Akautazama uso wake, kicheko kikaisha chenyewe.

"Cheka tu," Trijntje alisema. "Si wewe uliyesimama mbele ya kanisa unanuka kama lile duka la bangi la darajani."

"Samahani sana, jirani. Sikujua kama moshi unafika huko."

"Moshi unapanda, Lubbert. Umekuwa ukipanda tangu dunia iumbwe." Akasukuma kikombe mbali. "Binti yangu ananiita nikakae naye Zwolle. Chumba kipo, kimeshapakwa rangi. Kila akipiga simu namwambia sina sababu ya kuhama. Basi usinipe sababu."

"Hutaisikia tena harufu hiyo. Nakuahidi."

Trijntje akaila biskuti yake, akapanda kwake. Lubbert alibaki mezani. Zwolle si mbali, treni inafika mara moja, lakini nani anapanda treni kwenda kunywa kikombe cha kahawa na biskuti moja?

Mtu mwenye akili zake angemwomba Trijntje alitundike koti upande wa barabarani, na mambo yangeishia hapo. Lakini Lubbert alikuwa na ugonjwa wa kutatua kila kitu peke yake. Aliwaza siku kadhaa, na Jumamosi akapata dawa: atavuta bangi yake kwenye sebule ya mbele, mbali na dirisha la koti, kila kitu kimefungwa, na chini ya mlango ataziba kwa taulo bichi.

Kulikuwa na kasoro moja. Sebule za mtaa ule zina madirisha makubwa, na hakuna anayefunga pazia. Watu wanapita, wanachungulia, unawapungia mkono ukiwa kwenye kiti chako, nao wanaendelea na safari. Wengi hata mapazia hawana. Bangi yenyewe Lubbert hakuionea aibu, lakini kukaa dirishani na msokoto mdomoni huku watoto wa mtaa wanarudi kutoka kwenye mpira, hiyo si adabu. Hillechien asingekubali. Kwa hiyo akafungua sanduku la chini ya kitanda, akafukua yale mapazia ya kijani, akayatundika na kuyavuta mpaka yakagusana. Mchana kweupe.

Akakaa, akawasha. Chumba kilikuwa na giza zuri na harufu ya sanduku la nguo za zamani. Alijiona mtu wa maana sana, aliyetimiza ahadi yake bila kumsumbua yeyote. Alikuwa amefika nusu ya msokoto kengele ya mlango ilipolia.

"Jirani?"

Ilikuwa sauti ya Trijntje. Jumamosi hutoka kwenye mazoezi ya kwaya saa kama hizo, na huvaa koti lile lile. Lubbert akauzima msokoto, akatulia tuli. Akifungua sasa, moshi wote utamwangukia mwenzake kifuani. Akabana kimya, akingoja apande ngazi zake.

Trijntje hakupanda. Kengele ikalia tena, halafu nje zikaongezeka nyayo.

"Nimeyaona hayo mapazia tangu nirudi sokoni," ilisema sauti ya mwanamume, chini chini. Huyo alikuwa Wubbo, wa nyumba ya ng'ambo. "Nikasema nisigonge, labda familia wako ndani."

"Familia gani? Mwanawe yuko Ujerumani."

"Jana tu alikuwa anapaka rangi lango."

"Jana niliisikia redio yake," Trijntje alisema. "Leo asubuhi nilikuwa na haraka. Sikushuka kunywa kahawa, Wubbo. Leo tu ndiyo sikushuka."

"Alikuwa mtu mwema. Ngazi yangu hajairudisha mpaka leo, lakini mtu mwema."

Lubbert nusura ajibu kwamba ngazi iko bandani. Ndipo akayatazama mapazia. Mtaani hapo pazia hufungwa mchana nyumba ikiwa na maiti tu. Mara ya mwisho haya kufungwa ilikuwa wakati Hillechien amelazwa humu humu sebuleni akisubiri kuzikwa, na mtaa mzima ukapita mbele ya dirisha kwa hatua za polepole. Jioni ya mazishi ni Trijntje aliyepanda kiti akayatungua, akayakunja pembe kwa pembe.

Mungu wangu, wanadhani nimekufa.

Hata hivyo hakukimbilia mlango. Aliona kwanza afungue wa jikoni, moshi utoke, halafu ajitokeze akiwa safi, ahadi yake ikiwa nzima. Alikuwa ndiyo kwanza anainuka aliposikia ufunguo. Hillechien alimpa Trijntje ufunguo wa akiba zamani, na haukuwahi kutumika. Nyayo zikaingia ukumbini, mkono ukasukuma mlango wa sebule, na mlango ukagoma, kwa sababu ya lile taulo. Ukasukumwa tena, polepole, kama mtu anayeogopa kuumiza kitu kilichoko nyuma yake.

"Lubbert," Trijntje alisema. Hakuwa anamwita.

Lubbert akainama, akalivuta taulo, akafungua. Wakatazamana, yeye na taulo lake linalochuruzika, Trijntje amevaa koti jeusi mpaka kidevuni, na moshi ukimpita taratibu kuelekea ukumbini. Trijntje aliingia, akakaa kwenye kiti cha Hillechien, kiti ambacho hakuna aliyekuwa anakikalia, akalia.

"Nilidhani ni mwili wako unaozuia mlango," alisema alipoweza.

"Ni taulo."

"Naona ni taulo."

"Trijntje, koti lako. Toka nje kwanza, litanuka."

"Achana na koti."

"Kesho Jumapili."

"Nimesema achana na koti." Akajifuta macho kwa mkono mweusi wa koti. "Kwa nini hukufungua?"

"Nilikuahidi hutaisikia tena harufu. Nisingekutimizia, ungeenda Zwolle." Akaliweka taulo chini. "Sitaki uende. Nani nitakunywa naye kahawa?"

Trijntje alipenga kamasi kwanza.

"Mtu mzima wewe," alisema. "Ungeniambia nilitundike mbele."

"Ndiyo."

"Unasema ndiyo sasa."

Wubbo akachungulia, kofia mkononi. "Yu hai?"

"Yu hai," Trijntje alimjibu. "Anavuta."

"Aa. Basi." Wubbo akaivaa kofia yake. Alisita kidogo ukumbini. "Na ngazi?"

"Bandani," Lubbert alisema. "Samahani."

Akayafungua mapazia. Mwanga ukaingia, na watoto waliokuwa wamesimama ng'ambo ya barabara wakampungia mkono. Akawapungia. Trijntje hakuondoka mpaka kahawa ilipokwisha, na koti hakulivua.

Kesho yake Lubbert alikwenda kanisani, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi. Alikaa safu ya nyuma. Ibada ilipokwisha watu walisimama ukumbini na vikombe vyao, kama kawaida, na mwanamama mmoja wa sauti ya pili akamsogelea Trijntje. Akanusa bega lake, akashusha sauti, ingawa haikushuka vya kutosha.

"Trijntje, ile harufu tena."

Trijntje alikuwa anakoroga kahawa yake. Aliendelea kukoroga.

"Ni jirani yangu wa chini," alisema. "Yuko hai."