Nilimuzika Mume wa Bibi Kwenye Kisiwa ya Kitabu

Kosa ni yangu mimi mwenyewe, siyo ya shetani, siyo ya vita. Vita ilinipa tu nafasi. Chekeni kwanza, halafu munihurumie kidogo.

Tulikuwa Gitega. Mi nilikuwa nalinda duka ya mjomba, lakini barabara zinafungwa kila wiki, bidhaa haiji, wateja hakuna. Alors, nilikuwa nasoma. Mkongomani mmoja wa Uvira, muuzaji wa vitenge, aliniachia kitabu ya Kifaransa bila jalada, imejaa maisha ya watu wakubwa wa historia. Mi nimeishia darasa ya sita, Kifaransa yangu iko na mashimo kama barabara ya Mutaho. Penye sikuelewa nilijazia mwenyewe. Nilipenda sana jenerali mmoja wa Ulaya: wafalme walimushika, wakamutupa kwenye kisiwa, akatoroka na kurudi kama mutu alikuwa ameenda sokoni tu.

Sasa, rafiki yangu Yusufu alitaka kuoa Hadija, binti wa Muyinga. Siku ya gusaba, ile ya kwenda kuomba binti kwao, wazee wetu wakakataa kupanda gari, wanaogopa kuviziwa njiani. Msemaji wa familia lazima awe muzee mwenye heshima. Wakanichagua mimi! Sababu gani? Mdomo.

"Usizidishe," Yusufu aliniambia ndani ya kamyoneti, katikati ya konvwa, ule msafara wa magari yenye kulindwa na waskari. "Omba binti, kunywa Fanta, nyamaza."

Tukafika. Msemaji wao, muzee mmoja wa kofia, akatuchokoza: nyinyi ni watu wa nani, mbona hatuwajui? Kila mutu anajua kwenye gusaba msemaji anaruhusiwa kutia chumvi. Mi nikatia gunia! Nikachukua ile jenerali, nikamufanya babu ya Yusufu. Nikasema Wabeligiji walimushika juu alikataa kuinama, wakamupeleka kwenye kisiwa ya mbali, miaka saba, akatoroka na mtumbwi. Makofi! Hata muzee wa kofia akakubali ameshindwa.

Halafu bibi yake Hadija akainuka kwenye mkeka. Pole pole, na fimbo. Akakuja mpaka mbele yangu.

"Mwanangu, mume wangu naye Wabeligiji walimubeba. Wakati huo nilikuwa na mimba ya huyu baba yake Hadija. Huyo babu yenu, kule kisiwani, hakuona mutu wa Muyinga, mrefu, kidole moja hana?"

Hapo njo ningesema: bibi, nilikuwa nacheza. Lakini watu wote wananiangalia, Yusufu anaangalia viatu yake, na mi nikaona haya kuharibu siku.

"Alimuona, bibi," nikasema. "Walikula pamoja. Yeye njo alimuzika, na dua alimusomea."

Wallahi, nilifikiri nimemupa zawadi. Bibi hakulia. Alikaa chini, akavua bangili zake moja moja, akasema miaka hiyo yote alikuwa anamuhesabu mzima. Leo anaanza eda.

Eda! Miezi nne na siku kumi. Baba yake Hadija, mutu mwenye hajaona baba yake hata siku moja, akanishika mikono, akanishukuru mpaka nikatamani ardhi inimeze. Lakini akasema hawezi kufanya harusi na mama yake iko kwenye eda. Turudi ikiisha.

Mwezi wa tatu wa eda mapigano yakafika Gashoho, karibu na kwao. Familia yote ikakimbilia Tanzania, na Hadija pamoja nao. Bibi alivuka mpaka na nguo zake za eda.

Yusufu hakunipiga. Ningependa anipige. Aliacha tu kunisalimia.

Juzi mfanyabiashara mmoja alitoka kule Tanzania, kwenye kambi yao ya wakimbizi, na salamu. Hadija bado anangoja. Na bibi anauliza ile kisiwa inaitwa nani, juu amani ikirudi, mtoto wake anataka kwenda kusoma dua kwenye kaburi ya baba yake.

Kaburi gani, jamani!

Nilienda kwa Yusufu, nikamuambia twende kambini, akakubali. Keshokutwa tunapanda konvwa. Mi nitaanza, nitasema yote mbele ya bibi. Yeye ataomba binti mara ya pili, kama watakuwa bado wanataka kusikia sauti ya mutu wa Gitega.

Nyinyi wenye kusoma maisha ya watu wakubwa, someni, ni tamu sana. Lakini mutu akikuuliza habari ya mutu wake, na hauijui, sema haujui. Hata kama makofi bado inapigwa.